Nyonga ya Bawaba

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, ila tangu juzi chakula hakinipiti kooni. Nitakueleza sababu.

Binti yako, yule niliyembandika jina la Bawaba, amepasuliwa nyonga na anaendelea vizuri. Hawakumfungua kama kuku. Kando ya paja kuna ukanda mgumu. Wa kwake ulikaza mno, kila akikunja mguu unaruka juu ya nundu ya mfupa na kulia ko. Daktari alitoboa matundu mawili madogo kama punje za haragwe, moja la kamera, jingine la kisu chembamba, akaukata ukanda kidogo ili ulegee. Kesho yake alitembea kwa magongo, akiwatania wauguzi kwamba sasa mlango wao unalia kuliko yeye.

Nami, mwalimu wa sayansi nisiyejua kunyamaza, nikaomba kuona picha. Heri nisingeomba. Kifuko cha majimaji kilicho chini ya ukanda kilikuwa kimevimba, chekundu, kimechakaa kama tambara la kudekia. Daktari akasema mlio wenyewe kwa kawaida haumdhuru mtu. Huu ulionekana kulizwa makusudi, miaka mingi. Akamuuliza binti nani alimfundisha. Akajibu ulikuwa mchezo wake tu wa utotoni. Hakunitazama.

Najua umeapa hatashindana tena, eti mbio ndizo zilizomharibu. Daktari anasema baada ya miezi michache ya mazoezi ataweza kukimbia. Na mbio hazina kosa, ndugu yangu. Miaka minne aliyosoma shuleni kwangu, kila nilipofundisha viungo nilimsimamisha mbele ya darasa, nikamwambia haya Bawaba, waimbie, naye akailiza nyonga. Wakicheka, arudie. Siku moja aliniambia, baba mkubwa, inauma. Nikamjibu elimu haiji bure, nikamwamuru arudie. Nikikikumbuka kicheko changu, mate hunijaa kama mtu anayetaka kutapika.

Nimemwomba radhi. Akasema yamekwisha, ila nisikwambie, usije ukanigombeza uzeeni. Mtoto ananilinda mimi, na adhabu anaibeba yeye. Mwache akimbie. Hasira zako zilete kwangu.

Msalimie shemeji. Msomee barua yote, usimrukie mstari.

Ni mimi, kaka yako.