Swali la Baba

Dada yangu,

Sisi huku hatujambo, na paa la jikoni limeacha kuvuja.

Jana mama mmoja alikuja pale duka la dawa, akaniuliza kama mumewe, anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kumeza na ya maumivu ya magoti. Nikafungua kitabu, kisha nikawapigia simu wataalamu wa taarifa za dawa. Akaguna, "Mfamasia gani wewe, hujui mpaka usome?"

Jibu lilikuwa hapana. Angevuja damu tumboni. Nikampa nyingine iliyo salama.

Dada, Baba naye aliniuliza swali hilohilo. Nilikuwa na haraka, nikamjibu kutoka kichwani tu: "Meza, Baba, haina neno." Uliponiuliza kilichomuua, nikakwambia ni uzee.

Nisamehe, ukiweza.

Mdogo wako