Nilisema Aliteleza

Saint-Gilles, Bruxelles

Mama yangu mpendwa,

Pokea kwanza salamu zangu, nazitoa kwa mikono miwili kama ulivyotufundisha. Goti lako linasemaje? Mdogo wangu Esther aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda kilima cha kanisa bila fimbo. Nilifurahi, lakini nataka nilisikie kwako wewe. Na hali ya mji je? Huku tunasikia habari za Bukavu kila siku, na kila mmoja ana yake, hatujui tuamini ipi. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kidogo.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu yako husikilizwa na nyumba nzima, ninyi wote mnakaa kuizunguka kama jiko. Barua hii nimeifunga na kumpa Maman Béatrice wa kwaya yetu, anayekuja kumwona binti yake, na nimemwomba akuwekee mkononi. Isome peke yako, Mama, mlango ukiwa umefungwa.

Unamkumbuka Monsieur Albert, yule mzee ninayemtunza tangu miaka minne, niliyekutumia picha yake akila mboga ya sombe kwa uma? Amekufa. Tumemzika wiki mbili zilizopita. Na ni mimi niliyemvunja.

Nitaeleza tangu mwanzo, kwa sababu hapa nimejaribu kueleza kwa Kifaransa na maneno yanakataa.

Monsieur Albert alikuwa mwalimu kama wewe, alifundisha jiografia. Alibaki peke yake katika nyumba ya ngazi nyingi, hatua chache kutoka kwangu. Alikuwa na binti mmoja tu, Hélène, anayefanya kazi katika duka la dawa. Furaha yake ilikuwa ndege. Kila mwaka baridi inapoisha alisafiri hadi kisiwa kinachoitwa Gozo, kando ya Malta, kwa sababu ndege wanaotoka Afrika hupumzika pale wakishavuka bahari. Mwaka huu macho yake yalikuwa yamepungua na miguu haikumbeba vizuri. Daktari alisema asiende peke yake. Hélène hakupata likizo, basi akaniita jikoni akaniambia, "Bahati, nenda naye. Wewe utakuwa macho yake."

Mama, sijawahi kwenda likizo maishani mwangu. Nilinunua kofia.

Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri, sitaki kuzisahau. Kisiwa ni cha mawe, nyumba zina rangi ya mkate, na kila shamba limezungushiwa ukuta mdogo wa mawe yaliyopangwa bila udongo. Watu wa pale wanahesabu karibu kama sisi. Nilimsikia mwanamke sokoni akihesabu ndimu: sitta, seba. Nikacheka peke yangu, akacheka na yeye. Asubuhi tulikuwa tunakwenda kwenye majabali juu ya bahari. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, mimi nikawa nasikiliza na kutazama, nikimwambia: "Kushoto, juu ya waya, mbayuwayu sita." Naye akaandika daftarini. Wale mbayuwayu walikuwa wamechoka hata hawakutukimbia. Akaniambia, "Huyu mmoja labda mwezi wa pili alikaa juu ya paa la mama yako." Nilitaka kukupigia simu siku ile nikuambie.

Alikuwa amenieleza pia kwamba pale wanawinda. Wanapewa ruhusa siku chache za kupiga ndege, na jambo hilo lilimkasirisha sana. Nilimsikia, lakini sikulitia akilini. Siku ya tatu milio ilisikika mbali, upande wa pili wa bonde. Nilikuwa nimeshika mkate, nikauweka chini. Mzee aliniuliza, "Ça va, Bahati?" Nikasema ça va, niko sawa. Niliona aibu, mwanaume mzima, tuko likizo. Laiti ningemwambia pale pale, "Monsieur, mimi siwezi milio ya bunduki, turudi." Angenielewa. Angekunja kiti chake tungeondoka.

Siku ya nne tulifika mapema kuliko kawaida. Hua mmoja alipita chini chini, mzee akamwona mwenyewe, bila msaada wangu, na furaha ikamsimamisha. Alisimama na darubini yake, mrefu, mgongo wake ukielekea ukuta wa shamba. Bunduki ikalia nyuma ya ukuta ule ule. Mara mbili. Kisha nyingine kutoka kulia.

Sikuamua kitu, Mama. Mwili wangu uliondoka kabla yangu. Nilimkamata kiunoni nikamtupa chini nikalala juu yake na uzito wangu wote, na nilisikia mfupa ukikatika. Niliusikia kwa tumbo langu. Akapiga kelele, nami nikamziba mdomo. Nilimwambia sikioni, kwa Kiswahili, "Nyamaza, nyamaza, watatusikia." Mzee wa miaka themanini na moja analia kwa maumivu, na mimi nimemziba mdomo kwa kiganja kizima. Sijui ni muda gani. Nilikuwa nasubiri miguu ya watu ipite.

Miguu iliyokuja ilikuwa ya mzee mwingine, na mbwa wake. Mwindaji. Bunduki yake ilikuwa imefunguliwa, ameilaza mkononi, na hua amening'inia kiunoni mwake. Aliogopa kuliko mimi. Aliuliza kwa Kiingereza, "Imekuwaje?"

Nikamjibu, "Aliteleza."

Ndilo neno la kwanza lililotoka. Monsieur Albert alikuwa ananitazama kutoka chini, midomo yake ina alama za vidole vyangu. Mwindaji akavua koti lake akamfunika, akapiga simu, akakaa nasi mpaka ambulance ikaja. Hospitalini daktari akauliza tena, na kabla sijafungua mdomo mzee mwenyewe akasema, "Niliteleza kwenye mawe." Nyonga ilikuwa imevunjika. Hélène alipofika kesho yake alinikumbatia kwenye korido, akaniambia, "Merci, Bahati. Bila wewe angefia pale." Na mimi nikaacha anishukuru.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimefunga barua hii.

Nilipokuwa juu ya yule mzee, niliposikia ule mfupa, sikuwa Gozo. Nilikuwa kwenye shamba la mihogo, ile siku tulipokimbia vita. Wewe ulikuwa mbele umebeba vyombo. Papa alitutupa chini, mimi na mdogo wangu Neema, akatulalia. Mimi nilikuwa pembeni, chini ya mkono wake, nilipata hewa. Neema alikuwa katikati, chini ya kifua chake. Alikuwa analia, na Papa akamziba mdomo akamwambia, "Nyamaza, watatusikia." Maneno yale yale, Mama. Nilikuwa na miaka saba, Neema minne. Wale watu walipita polepole, wengi. Papa aliponyanyuka Neema hakunyanyuka.

Mliniambia ni risasi. Nimesema risasi maisha yangu yote. Niliwaambia risasi wale waliopokea maombi yangu ya ukimbizi hapa, na wakaandika. Lakini sasa namwona, gauni lake la njano ulilomshonea, limejaa udongo mgongoni, na halina damu. Halina hata tone. Na namkumbuka Papa akitazama viganja vyake, akavipangusa kwenye suruali, akavitazama tena.

Sijui kama nakumbuka sawa. Nilikuwa mtoto, na kichwa hujitengenezea mambo. Lakini mkono wangu ulipokuwa juu ya mdomo wa Monsieur Albert, haukuwa unajifunza. Ulikuwa unajua.

Tulimrudisha mzee Bruxelles baada ya upasuaji. Hospitali ya huku nilikwenda kumwona kila siku baada ya kazi zangu nyingine. Siku moja mto wake ulikuwa umeshuka, nikainama niuweke vizuri kama nilivyofanya miaka minne, asubuhi na jioni. Akafumba macho, akajikinga uso na mkono wake. Aliniogopa, Mama. Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Kisha akafumbua macho akasema, "Pardon, Bahati. Si mimi. Ni mwili tu."

Nikamwambia, "Najua, monsieur."

Akasema, "Ndiyo. Najua kwamba unajua."

Hatukuongea tena jambo lile. Homa ya mapafu ilimshika, kama inavyowashika wazee wanaolala mgongo muda mrefu, na siku ya sita akaenda. Sikuwepo. Nilikuwa kwenye tram, ile treni ya mjini.

Kwenye mazishi Hélène aliniweka mstari wa mbele pamoja na familia. Aliwaambia watu, "Huyu ndiye aliyembeba Papa." Nilipeana mikono na watu wote wale. Kila mkono ulikuwa kama unanibandika kitu ambacho hakitoki.

Jumamosi iliyopita aliniita nimsaidie kufunga vitu vya mzee. Tulipanga vitabu kwenye maboksi hadi mchana. Kisha akaleta darubini ndani ya mfuko wake wa ngozi, akaniwekea mapajani. "Papa angependa uwe nayo wewe." Nikaiweka mezani nikamwambia:

"Madame Hélène, baba yako hakuteleza. Nilimwangusha mimi."

Alidhani najitafutia makosa kwa sababu ya huzuni. Akasema, "Bahati, usijitese, ulifanya ulichoweza."

"Hapana. Nilisikia bunduki nikamtupa chini nikamlalia. Nyonga ilivunjika chini yangu. Na alipolia nikamziba mdomo."

Alikaa juu ya boksi la vitabu. Nilisikia mabasi yakipita chini. Kisha akauliza, "Yeye alijua?"

"Alijua. Alimwambia daktari ameteleza ili kunikinga."

"Ulimziba mdomo muda gani?"

"Sijui, madame."

"Alikuwa anapata hewa?"

"Puani, ndiyo. Nadhani ndiyo."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alisimama akaenda dirishani, akaniambia bila kugeuka, "Acha ufunguo mezani." Nikauweka kando ya darubini. Nilipokuwa kwenye ngazi alifungua mlango tena, nikafikiri ananiita. Alikuwa ananitolea koti langu, nilikuwa nimelisahau. Akalitundika kwenye chuma cha ngazi akafunga.

Jumatatu shirika linaloniajiri likaniita. Wamenisimamisha mpaka wachunguze. Inawezekana mambo yatafika polisi, inawezekana hayatafika, hakuna anayejua. Tonton Déo, mzee ambaye naishi kwake, amenikasirikia hata chakula tunakula bila kuongea. Aliniambia, "Weye uko mujinga ao nini? Muntu amekufa, wamemuzika, mwenyewe alisema aliteleza. Bon, donc ulienda kutafuta nini kule?" Yeye si mtu mbaya, ananiogopea.

Jibu nakupa wewe. Papa aliishi miaka kumi na tisa baada ya lile shamba. Alikwenda kazini, alirudi, alikaa kwenye kiti chake akitazama mlango, na watu walisema vita vilimnyamazisha. Hata nilipougua malaria karibu nife, alisimama mlangoni mwa chumba, hakuingia kunishika. Nilidhani ni ukali. Sasa nadhani alikuwa amebeba neno risasi, nawe ulimsaidia kulibeba, na ninyi wawili hamkupata mahali pa kulitua. Mimi nimebeba neno aliteleza wiki tano tu na limenishinda. Sikutaka nikae mbele ya mlango miaka kumi na tisa.

Sikulaumu, Mama. Simlaumu yeye. Kama asingetulalia huenda leo mimi nisingekuwepo, au huenda ningekuwepo na Neema pia. Hakuna anayeweza kuhesabu hilo, nimejaribu usiku na mchana na hesabu haifungi. Nakuomba kitu kimoja. Uniandikie ilivyokuwa. Kama nimekosea, kama damu ilikuwepo na mimi ndiye sikuiona, niambie hivyo, nitakuamini na kukuomba msamaha. Kama sikukosea, niambie pia. Maman Béatrice atakaa Bukavu wiki tatu, atapita tena kwako kabla ya kurudi. Na kama huwezi kuandika, mpe bahasha tupu, nitaelewa.

Nisalimie majirani wote. Mwambie mjomba, kaka yako mkubwa, kwamba dawa zake za presha nimezituma kwa mkono huo huo, zimefungwa ndani ya soksi. Msalimie shangazi wa Muhungu, dada yake Papa, lakini hizi habari usimpe. Wape busu watoto wa Esther.

Na Esther mwenyewe, aliyezaliwa baada ya lile shamba, msalimie sana. Siku ile ya harusi yake alinivuta nyuma ya nyumba akalia, akaniuliza kwa nini Papa hakuwahi kumbeba hata siku moja tangu azaliwe, ana kosa gani. Nikamwambia Papa alikuwa mtu wa zamani. Ukiona wakati umefika, Mama, umwambie wewe. Papa hakukosa kumpenda. Aliogopa mikono yake mwenyewe.

Mwanao,
Bahati