Uthibitisho Wangu, Mdomo wa Garrett

Mpendwa Bi. Verlene,

Shikamoo mama, mimi msomaji wa safu yako ya ushauri naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana mimi ni mtoto wa mji wa Selma ninayesoma uzamivu wa hisabati huku Iowa, mwaka wa nne sasa, na katika idara nzima mwanamke mweusi ni mimi peke yangu, jambo lililowauma wenyewe mpaka wakaunda Kamati ya Kuwainua Wanawake wa Jamii za Wachache, yenye wanaume wanane na mimi, na kazi yangu humo ni kuandika kumbukumbu, kuagiza sandwichi na kupigwa picha za vipeperushi, wakati msimamizi wangu, Profesa Halvorsen, anayo sura ya tatu ya tasnifu yangu tangu Oktoba na hajaifungua.

Juzi ndipo yaliponifika. Alhamisi ijayo kuna kongamano hapa chuoni, na nilipangiwa saa nne asubuhi kueleza uthibitisho wangu kuhusu mafundo, tawi la hisabati linalochunguza namna kamba zinavyofungamana, kazi ya miaka mitatu; basi Profesa akaniita akitabasamu, akasema, “Odessa, saa nne hiyohiyo kuna mjadala wa namna ya kuwasaidia wanawake kama wewe. Bila wewe hauna maana.”

“Na uthibitisho wangu?”

“Usijali, Garrett atauwasilisha kwa niaba yako. Ni kijana makini.”

Huyo Garrett nasoma naye, na mchana huohuo akanifuata mezani, “Dada, nieleweshe tu mstari wa tatu, mengine nitajua hukohuko,” na uthibitisho una kurasa arobaini na moja!

Nikikataa watasema nina hasira, neno hilo wameshaniwekea tayari, na barua ya kuniombea kazi ataiandika Profesa. Mama yangu, mpishi wa shule, ananiambia, “Mwanangu, chekacheka nao umalize, uje na cheti.” Lakini jana Marisol, binti wa mwaka wa kwanza ambaye wazazi wake wanafanya kazi kiwanda cha nyama, aliniuliza, “Dada, nibaki kwenye hisabati au nihame?” nikampa kipeperushi cha Kamati. Nifanyeje?

Odessa, Iowa

*

Odessa mwanangu,

Marahaba. Kwanza niipongeze Kamati. Wanaume wanane wameumiza vichwa namna ya kumsaidia mwanamke mweusi katika hisabati, na jibu walilopata ni kumtoa kwenye hisabati ili akaeleze namna ya kumsaidia. Mimi niliyefundisha hesabu sekondari miaka thelathini na moja, hapo nimevua miwani. Sura yako ya vipeperushi wanaipenda kweli. Ile ya tasnifu ndiyo haina wa kuitazama.

Pole. Nayajua haya. Mwaka niliomaliza chuo niliongoza darasa, nikaombwa nimkabidhi zawadi ya mshindi yule aliyekuwa wa pili. Nikaikabidhi, tena nikapiga makofi. Mpaka leo viganja vinaniwasha.

Sasa nikuseme. Una akili ya kufungua mafundo yaliyowashinda watu, halafu “sandwichi agiza mwenyewe” imekushinda kutamka? Na kumpa yule binti kipeperushi, aibu hiyo ni yako, usimsingizie Profesa.

Mama yako anaogopa, na ana sababu. Mwambie nimesema cheti utakileta, kikiwa na kazi yako ndani yake.

Kesho asubuhi mwandikie Profesa, nakala kwa waandaaji na mkuu wa idara: “Saa nne nitawasilisha uthibitisho wangu mwenyewe. Kwenye mjadala, mwenyekiti wa Kamati anatosha.” Basi. Usiombe radhi hata mara moja. Kabla ya Alhamisi uweke uthibitisho wote mtandaoni kwa jina lako, Garrett ausome kama watu wengine. Kwenye Kamati, jiuzulu. Sura ya tatu, mpe Profesa tarehe ya kuirudisha, kwa maandishi. Na barua za kazi zisitoke mkono mmoja: kongamanoni watakuja wageni wanaoyajua mafundo, na atakayekuuliza swali gumu, huyo ndiye wa kumfuata na kuomba anwani yake. Wakisema una hasira, waambie, “Ndiyo, ninayo. Tufungue ukurasa wa kumi na mbili.”

Marisol mtafute leo, umwombe msamaha, na Alhamisi umketishe kiti cha mbele. Hutahitaji kumhutubia.

Ukifika ubaoni, andika kwanza jina lako, kwa herufi kubwa, mpaka aliyekaa nyuma kabisa alisome. Halafu ndipo uanze.

Bi. Verlene