Nilipunguza Makali ya Maneno ya Babu

Mpendwa mshauri wetu, naomba unisikilize, maana nimekosa wa kumwambia.

Mimi ni msichana wa sekondari. Dada mmoja wa chuo kikuu anafanya utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu jinsi watu waliopigana wanavyopatana na kujenga tena serikali yao, na kwa kuwa hajui lugha ya kwetu aliniomba nimtafsirie kwa babu, nikafurahi sana kwa sababu na mimi natamani kusoma mambo hayo. Akamuuliza babu kama anaweza kukaa kwenye baraza la mtaa pamoja na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye wakati wa vita alikuwa upande wa pili. Babu akaweka kikombe chini, akasema, "Sikai naye mpaka aniambie walimzika wapi mdogo wangu." Mshauri, nilimwonea mgeni haya na babu huruma, nikatafsiri kwamba babu amesamehe na yuko tayari. Sasa yule dada amewaalika wote wawili Jumamosi kwenye ukumbi wa shule, na kinyozi amefurahi mpaka ananitania kwamba mkasi wake umezeeka ukizisubiri nywele za babu. Nikisema ukweli nitaitwa mwongo, nikinyamaza wazee wataaibishana mbele za watu. Nifanyeje?

Mjukuu Mwenye Wasiwasi

Binti yangu,

Futa machozi kwanza, nikugombeze vizuri. Uliazimwa mdomo wa babu ukasema yako. Huruma hiyo imemnyamazisha mzee wa watu.

Hebu soma tena ulichoniandikia. Babu hakukataa, alitoa sharti. Aliyefunga mlango kabisa hajisumbui kutoa masharti. Ulidhani unaondoa uchungu, kumbe umeondoa ombi lake, na kinyozi wa watu anacheka na wewe bila kujua anadaiwa jibu gani.

Leo hii, ukitoka shule, mwambie yule dada maneno ya babu kama yalivyotoka. Atanuna, ana haki. Lakini ni heri anune sasa kuliko kuandika kitabu kizima juu ya msamaha ambao haukutolewa. Mwombe aahirishe kikao. Kisha kaa na babu, umwombe radhi, umuulize kama anaruhusu swali lake lifikishwe ng'ambo ya barabara. Akiruhusu, yule dada alipeleke pamoja na mtu mzima wa kutafsiri. Wewe baki na masomo yako, maana nchi hii itakuhitaji.

Siwezi kukuahidi kwamba kinyozi atajibu. Ila mtu anayezisubiri nywele za jirani miaka yote hiyo, mimi ningemuuliza.