Mikrobe Zinazokula Mazuti Kwetu Ndosho

Ndosho, Goma
Tarehe 14/9/2025

Mupendwa yaya Byiringiro,

Salamu nyingi kwako, kwa bibi yako Uwamariya na kwa katoto. Muko wazima? Kikohozi kimekuacha? Sisi tuko, Mungu anatulinda. Mama anakula vizuri, na kunigombeza anagombeza vizuri zaidi. Mimi nimeongezeka urefu. Ukirudi utaniangalia kwa kuinua shingo.

Najua Papa Bagalwa alikupigia simu, anataka kununua parseli yetu, kiwanja pamoja na shamba, na Mama aliitika. Wewe ndiwe muzaliwa wa kwanza, karatasi ziko kwako huko Kampala, bila sinyatire yako hakuna kinachouzwa. Soma basi mpaka mwisho kabla ya kukamata biki na kutia sahihi.

Unakumbuka Rémy, mupangaji wetu, muuza mazuti, mafuta yale ya malori? Mwezi wa kwanza, vita ilipoingia muji, alikimbia akaacha mapipa matano. Risasi zikatoboa matatu, mazuti yote yakanywewa na shamba la Mama. Ni udongo ule ule marehemu Papa alioleta mufuko kwa mufuko toka Lac Vert, baada ya volkano kumeza nyumba yetu ya kwanza, akaumwaga juu ya mawe. Maharagi yakakauka. Mama akasema hapa pamekufa, tuuze.

Basi mimi, niliyeacha masomo mwaka wa tatu wa sekondari (usicheke, wewe ulimaliza na hesabu bado inakushinda), nikaenda kwa Nshobole, binti wa jirani anayesomea kilimo. Akanifundisha kwamba ndani ya udongo muko mikrobe, vidudu visivyoonekana kwa macho, zinazokula mazuti. Kazi ni kuzitunza: unachanganya udongo na mavi ya ng'ombe na majani makavu, unalowanisha kidogo, unageuza kila juma zipate hewa. Nikarundika fungu kama kilima.

Kilichoniponza ni mudomo wangu. Nikatangazia avenue nzima kwamba nafuga mikrobe mamilioni. Na ilikuwa wakati wa kolera! Siku moja natoka kuchota maji, nakuta Mama anamwagia fungu langu maji ya klori, dawa ya kuua mikrobe, bidoni ya tatu.

"We Munezero, utatumaliza na mifugo yako!"

Nshobole alicheka mpaka machozi. "Wewe umefuga, mama yako amechinja."

Tukaanza upya. Miezi ine nimegeuza udongo, na aliyeuliza nilimwambia ni mbolea tu. Mimi, kunyamaza! Harufu ikapungua polepole. Majuma mawili yaliyopita tulipanda maharagi ya kujaribu, na yameota. Si pote: pembe moja ingali nyeusi, na Nshobole amekataza tusile mavuno mpaka udongo upimwe. Sikudanganyi.

Mama hasemi tena kitu juu ya Bagalwa. Lakini juzi kuku wa jirani aliingia ndani ya maharagi. Mama akamukimbiza mpaka barabarani, bila viatu, juu ya mawe yale makali. Mutu aliyekwisha kuuza shamba moyoni mwake hakimbizi kuku namna ile.

Yaya, usitie sinyatire. Utupe musimu mumoja.

Usalimie Uwamariya, umubusu katoto, umwambie shangazi Généreuse tunamukumbuka. Mungu awafunike nyote, huko ugenini na siku mutakaporudi.

Mudogo wako anayekupenda, hata ukikataa,
Munezero