Kompyuta Yetu Iliponea Shoka

Papa Neema wangu,

Najua umengoja neno langu mpaka ukachoka. Unisamehe, siyo uvivu. Ile simu uliyoniachia ilikuwa inanisikiliza. Ndiyo sababu leo naandika kwa kalamu, na mutu wa moto, ile pikipiki inayoshuka Walikale, atakufikishia.

Wenye bunduki waliichukua kwenye bariere, kizuizi cha njia ya Nyabiondo, wakakaa nayo asubuhi nzima, wakanirudishia wakicheka. Tangu hapo ilikuwa na joto hata nisipoigusa, mega za internet zikiisha bure. Kisha mmoja wao akaniuliza, "Mama, mutoto kikohozi kimeisha?" Kikohozi kile nilikuambia wewe tu, kwa simu.

Nilipomweleza mama yako, hakuangalia simu. Aliangalia kompyuta. Unajua kila jioni nilikuwa naunga simu kwenye kompyuta, nahamisha picha za watoto waliopotezana na wazazi wao katika kukimbia vita.

"Ngombe mugonjwa akikunywa pamoja na wazima, wote wameisha," akasema, shoka mkononi. "Tuivunje kabla hawajatufuata mpaka ndani!"

Nikasimama katikati. Nilikumbuka tulivyoileta kutoka Goma, imefungwa katika kitenge changu cha harusi. Ulisema, "Uibebe kama mutoto." Nikakujibu, "Mutoto gani mwenye uzito hivi?" Ukacheka njia yote mpaka Sake. Na sasa ndani yake kulikuwa na sura ambazo hazipo mahali pengine popote.

"Mama, na heshima yote, utaanza na mimi. Wewe mwenyewe ngombe ukimushuku, unamutenga kwanza. Hauchinji kabla ya kumupima."

Akaweka shoka chini. Nikazima simu. Kompyuta nayo tukaitenga, bila waya, bila internet, mpaka fundi wa duka la watu wa Butembo alipokuja.

"Kidudu hiki kilitengenezewa simu," akasema. "Kwa kawaida hakirukii mu ordinatere, kompyuta hii, kwa waya tu. Lakini kama ulikopia programu ao fishie, faili ingine, ukaifungua, hapo tuogope."

"Nilikopia picha tu."

Akapitisha antivirusi kila pembe, mama yako nyuma yake kama mwenye ng'ombe siku ya chanjo. "Iko safi," fundi akasema.

Nilipiga vigelegele, majirani wakadhani nimezaa tena! Na juma lile lile mama mmoja wa Shasha akamtambua binti yake kwenye picha niliyochapa na kubandika ukutani kwetu. Alinikumbatia pamoja na mtoto wangu mgongoni. Mama yako akamletea maziwa, na sasa anawaambia wote, "Mimi ndiye nilisema tuitenge!" Namwachia.

Nimechoka, mume wangu, lakini sikushindwa. Usipige tena namba ya zamani. Unitumie simu ndogo ya vifungo, isiyo na internet. Laini mpya. Sabuni ya kufulia. Dawa ya kikohozi ya Neema, ile ya chupa. Wino mweusi. Shoka tunalo, linapasua kuni. Na karatasi za picha, nyingi kuliko zote: bado kuna sura zinazongoja ukuta.

Mama ya watoto wako