Vyungu Visivyo na Alama Yangu

Atieno, mjukuu wangu,

Huna haya hata kidogo. Kule ngumbaru tulifundishwa kwamba barua huanza na "mpendwa", lakini leo neno hilo limenikwama kooni, wacha likae huko huko. Jana yule mama anayepeleka samaki Kisumu alinifikia hapa nyumbani na kilo mbili za sukari na kikaratasi chako. Nilikisoma mara tatu nikidhani ni macho yangu yamezeeka. "Dani, nifanyie vyungu kumi na viwili vidogo vya semina. Tafadhali usiweke alama yako. Nitatuma mtu Jumamosi." Usiweke alama yako! Mtoto niliyemlea kwa mikono hii, anayeniita Dani, nyanya yake, ananiambia niifiche mikono hii.

Sukari nimerudisha. Utaipata pamoja na barua hii, na barua yenyewe sikuifunga. Mama wa samaki akitaka asome. Walimu wenzako wakitaka wasome pia, maana maneno haya ni yao kama yalivyo yako.

Na kitu kingine. Leo ni Jumatatu. Unataka vyungu Jumamosi. Tangu lini chungu kikafinyangwa, kikakauka na kuchomwa kwa siku tano? Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote. Kuficha jina langu ni utovu wa adabu, na mimi utovu wa adabu nimeuona mwingi. Lakini umeanza kusahau. Wewe!

Unakumbuka baba yako alipokuleta kwangu ukiwa na pengo la meno mbele? Ulikuwa unajificha nyuma ya mtungi wa maji ukidhani sikuoni. Nikakuita mke mwenzangu, kama sisi nyanya wa huku tunavyowatania wajukuu wa kike, ukalia ukasema hutaki kuolewa na mzee. Babu yako alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake nikakupeleka shimoni. Ulikanyaga udongo na vile vimiguu vyako asubuhi nzima, unatafuta vijiwe kwa vidole vya miguu, ukikipata unapiga kelele, "Dani, nimemshika!" kama umeshika mwizi.

Mimi mwenyewe kazi hii nilifundishwa na mama mkwe nilipoolewa hapa Luanda Kotieno. Kwetu hakukuwa na udongo wa kufinyanga. Wake za wanangu waliikataa, wakasema inaharibu kucha. Ni wewe tu uliyekaa. Chungu chako cha kwanza kiliinama upande mmoja nikakifinya kikawa bonge tena. Cha pili vile vile. "Dani, unanionea!" Nikakuambia nakuonea, ndiyo, anza tena. Cha tano nikakiacha. Siku ya kuchoma kikapasuka kwa sababu uliacha jiwe tumboni mwake, na kikavunja viwili vyangu vilivyokuwa kando. Ulilia. Sikukubembeleza. Nilikupa mawe mawili uvitwange vile vigae mpaka viwe unga, tuchanganye na udongo mwingine. Tangu siku ile hakuna chungu chako kilichopasuka kwa jiwe. Nilikuwa nimekueleza habari ya vijiwe labda mara mia, na hukusikia hata mara moja mpaka ulipookota vigae vyako mwenyewe vikiwa bado na joto.

Ukasoma, ukaenda chuo, ukawa mwalimu. Nilijivuna. Mimi niliachia darasa la pili, na mjukuu wangu anaitwa mwalimu! Kanisani nilikuwa nakaa kiti cha mbele makusudi ili watu wakuone ukija kunisalimia.

Halafu mfumo mpya wa elimu, wa nane-nne-nne, ukaingia. Tukaambiwa mtoto wa shule ya msingi atafinyanga, atashona, atalima, ataimba, na hayo yote atafanyiwa mtihani. Watu walinung'unika kwa sababu ya karakana tuliyoambiwa tujenge. Mimi sikunung'unika. Nilibeba mawe kichwani na magoti yangu haya mabovu. Nilisema sasa wamekumbuka kwamba mikono pia inasoma.

Mkapelekwa semina Kisumu, siku tano, walimu wa wilaya nzima. Ukarudi na faili la kijani. Sijasahau tulivyokaa pale jikoni.

"Mlifinyanga?" nikakuuliza.

"Siku moja, Dani. Siku zile zingine tuliandika."

"Mliandika nini?"

"Hatua za kufinyanga."

Ukanisomea. Hatua ya tano ikasema chungu kianikwe juani siku mbili, kisha kichomwe. Nikakutazama. Ukashindwa kuzuia kicheko. Ukanieleza jinsi mkufunzi wenu alivyovichoma nyuma ya ukumbi vikiwa bado na maji ndani, vikalipuka kama bisi, walimu wakatawanyika na tai zao, mmoja akaacha kiatu.

"Wewe ulijua vitapasuka?"

"Nilijua tangu asubuhi."

"Ukasema nini?"

"Ai, Dani, ningesema nini? Yule ana digrii."

Nakiri nilicheka. Nilicheka nikashika mbavu. Lakini ulipoenda kuoga nilifungua lile faili, nikasoma polepole kwa kidole. Hatua ya tano ilikuwa pale pale, hakuna aliyeifuta. Chini yake, kwa mwandiko wako mzuri ninaoujua, uliandika: "Zoezi lilifaulu." Kicheko kikaniishia.

Ukaanza kufundisha. Muhula mzima nilipita nyuma ya darasa lenu nikienda kuchimba, nikawasikia watoto wa darasa la saba wakiimba hatua ya kwanza, hatua ya pili, kama sala. Atieno, shimo la udongo liko nyuma ya uwanja wenu wa mpira! Mpira ukipigwa vibaya unaanguka humo, na mimi ndiye ninayewarushia. Hukuleta mtoto hata mmoja. Siku moja baada ya ibada nikakuuliza mbona huwaleti.

"Dani, sare zitachafuka, wazazi watakuja juu. Na hedimasta anataka tumalize silabasi."

"Mtamalizaje kitu ambacho hamjaanza?"

Ukanishika mkono, ukatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mzee, ukaenda kuongea na mke wa mchungaji.

Sasa nije kwa ile siku ya maonyesho. Nimeikalia kimya miezi mitatu, leo naitoa. Mpishi wa shule yenu alikuwa amekuja kwangu sokoni, akachagua vyungu vinane vidogo, akaniambia ni vya harusi ya binti yake. Nikamfungia kwa nyasi ili visigongane. Wiki iliyofuata tukaitwa wazazi wote tukaone kazi za watoto. Nikavaa kitambaa changu cha Pasaka. Naingia karakana, karakana ambayo mawe yake nilibeba mimi, naona vyungu vyangu vinane juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye jina la mtoto. Alama yangu ilikuwa pale pale: ule mkanda wa kamba ya nyuzi tatu ninaouzungusha shingoni mwa chungu, na dole gumba langu mara moja chini yake. Hata kufuta hamkujali kufuta.

Nikakiinua kimoja. Msichana mwenye jina lake alikuwa amesimama nyuma ya meza na soksi nyeupe.

"Mwanangu, udongo wa hiki ulichimba wapi?"

Akakuangalia wewe kwanza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Sijui, Mama. Mwalimu alituambia tuandike majina tu."

Hapo ndipo yule bwana mkubwa wa ofisi ya elimu alipofika, ananukia sabuni, akakichukua mikononi mwangu. "Unaona, Mama? Hiki kimefanywa na mtoto wa darasa la saba! Zamani mngeamini?"

Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake. Uso wako umekuwa rangi ya majivu.

Na mimi, mimi ambaye nimewahi kumwambia chifu mbele ya watu kwamba ni mvivu, nikasema, "Naona."

Basi. Neno moja hilo. Bwana akakupa mkono, watu wakapiga makofi, na mimi pia nikapiga. Nilipofika nyumbani nilitema mate mlangoni kama mtu aliyekula samaki aliyeoza. Sikukutemea wewe peke yako. Nilijitemea na mimi, kwa sababu nilipenda yale makofi. Nilimnyima yule mtoto wa soksi nyeupe ukweli ili mjukuu wangu apewe mkono.

Ona sasa makofi yametufikisha wapi. Kwa sababu ya vile vyungu wamekuchagua wewe uwe mkufunzi. Umehamia Kisumu, una chumba nyuma ya nyumba ya watu huko Milimani, na Jumatatu ijayo utasimama mbele ya walimu waliotoka kila tarafa uwafundishe ufinyanzi, vyungu vyangu visivyo na dole gumba vikiwa mezani. Watavishika, watavisifu, watanakili hatua ya tano. Kila mmoja ataipeleka shuleni kwake. Watoto wangapi watachoma chungu kibichi, kiwapasukie usoni? Wangapi watafundishwa kwamba kazi ni kubandika jina? Na siku wakiulizwa wamejifunzia wapi watasema, kwa Mwalimu Atieno, yule anayejua.

Usiniambie mlibebeshwa mzigo. Najua mlibebeshwa. Walioandika silabasi walikaa ofisini, hawakumwita mfinyanzi hata mmoja, wakawapa siku tano na faili. Mwalimu mwenzako wa kilimo ananunua sukuma wiki kwangu aionyeshe kama ya watoto, maskini, na ile ya shule imekauka mbele ya dirisha lake. Yeye namhurumia, kwa sababu hajui. Wewe siwezi kukuhurumia. Katika ukumbi ule mzima mtu aliyejua alikuwa mmoja, akafunga mdomo kwa sababu ya digrii ya mtu. Nami nikaufunga wangu kwa sababu ya suti ya mtu. Uchafu huu ni wa ukoo sasa, na mimi sitaki kufa nao.

Nakukosa, Atieno. Nikikanyaga udongo peke yangu miguu inachoka upesi, na hakuna wa kupiga kelele akikuta kijiwe. Lakini sitakukaribisha kwa vyungu vya kukusaidia kudanganya. Sifinyangi hata kimoja.

Kwa hivyo sikia. Jumamosi usitume mtu, njoo mwenyewe, na nguo ya shamba. Hao walimu wako usiwaketishe ukumbini. Jumatatu walete hapa, wavue viatu, wachimbe, wakanyage, wafinyange, kisha warudi makwao waache vikauke kivulini. Warudi tena wakati wa kuchoma. Vingine vitapasuka. Wape mawe watwange vigae, usiwabembeleze. Sitaki kukaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima, nitakuwa shimoni.

Na ofisi ikikataa kuwaleta, basi na semina usiifanye.

Lakini hilo la kwanza kabisa usilikwepe. Asubuhi baada ya kuipata barua hii, kabla hujaenda mahali pengine popote, nenda ofisini kwa yule bwana mkubwa wa elimu huko Kisumu. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba vile vyungu vinane ni vya nyanya yako na hakuna mtoto aliyevigusa. Akikufokea, simama. Akikunyang'anya hiyo kazi ya ukufunzi, mwachie. Akikuuliza nani atafundisha, mwambie kufinyanga unajua, na umwambie nani alikufundisha. Basi la kwanza la Ijumaa nitakuwa ndani yake, nije nimuulize kama ulifika. Fika kabla yangu.

Ni mimi Dani yako, mama ya baba yako.